Ufuta Huu Utanitoa Roho

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kasukuma sahani tena. Wali hataki. Mayai hataki. Supu ya kuku niliyoichemsha kwa mikono yangu mwenyewe – kuku mzima! – kaionja kwa ncha ya ulimi, kageukia ukutani. Tangu avunjike nyonga na kutiwa chuma anadonoa tu. Muuguzi kapita asubuhi kukagua mshono. Kasema mgonjwa asipokula mfupa utachelewa kuunga. Kanitazama mimi akisema hivyo. Utadhani mimi ndiye niliyemfunga mdomo!

Nikamuuliza, sasa mama watoto, unataka nini hasa? Akasema ufuta. Ufuta wa kupaka, juu ya mkate. Ule wa kwake. Siku zote chupa yake iko juu ya kabati, na mimi najipakia tu, sijawahi kujiuliza unatoka wapi. Nikaitazama chupa. Tupu. Imekwanguliwa mpaka kitako kinang'aa. (Nimeikwangua mimi, alipokuwa hospitali. Nani mwingine?)

Nikasema hilo tu? Nitautengeneza.

Akacheka! Mtu hajacheka tangu arudi nyumbani, leo kacheka mpaka kashika nyonga. Kasema, wewe mzee, ufuta? Wewe ambaye hata maji yanakuungulia?

Mimi! Niliyesimamia mashine ya kusaga tangu sina mvi hata moja. Mahindi, mtama, ulezi, mihogo mikavu. Mji mzima huu umekula unga uliopita mikononi mwangu, na wengine wananenepa mpaka leo. Sasa vijipunje vinavyopeperuka mtu akipiga chafya ndivyo vinishinde? Kesho nanunua. Keshokutwa anakula. Basi.


Jumanne, 4 Machi

Ufuta umenunuliwa. Mweupe, mzuri. Muuzaji kaapa kwamba ni msafi, hauna mchanga, tia moja kwa moja kikaangoni. Mtu wa soko ana haja gani ya kunidanganya mimi?

Kumbe chumbani kuna bosi. Jiko letu liko uani, na dirisha la chumba linatazama hapo hapo, kitanda chake kiko chini ya dirisha. Kwa hiyo ananiona. Anatoa amri kama askari wa magereza. Pepeta. Chagua. Osha, maana mawe yanazama na ufuta unaelea. Anika. Ndipo ukaange. Nikamwambia muuzaji kasema msafi. Akajibu kitu, sikukipata. Anaongea kwa sauti ndogo mno tangu augue. Si yeye tu. Watu wote siku hizi wanaongea kama wanaiba. Hata redio wameipunguza huko huko wanakotangazia.

Nikakaanga. Nikatwanga. Kinu chake ni kidogo, mchi mwepesi, kitu cha kuchezea watoto. Rojo ikatoka. Nyeusi nyeusi, lakini ikatoka. Nikapaka mkate, nikampelekea kwenye sinia kabisa.

Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatia vidole mdomoni, akatoa kijiwe, akakiweka kwenye kiganja changu taratibu. Kasema, chukua, hiki chako.


Jumatano, 5 Machi

Nimeosha. Haya! Nimeosha mpaka vidole vimekunjana. Na kweli mawe yalizama, yalikuwa mengi, mtu angejengea choo. Yule muuzaji nikikutana naye atanieleza.

Nimeanika juu ya kitambaa. Kuku wa jirani wakaja. Nimekaa na fimbo juani mpaka mchana, mtu mzima na akili zangu, nafukuza kuku.

Mchana nikakaanga. Ukaungua.


Alhamisi, 6 Machi

Umeungua tena. Na leo nimechunga! Moto mdogo, mwiko mkononi, macho hayatoki kikaangoni. Unakuwa mweupe, mweupe, mweupe, nasema bado, halafu ghafla moshi. Hakuna katikati. Ufuta gani huu usio na katikati?

Mke wangu anasema rangi ni ya uongo, usiifuate. Anasema sikiliza. Nikamwambia nisikilize nini, ufuta una mdomo? Akasema ndiyo, unalia. Unaanza pa, pa, pa, halafu unapatana kama manyunyu juu ya bati. Yale manyunyu yakianza kukatika, epua hapo hapo, usingoje hata kupangusa jasho. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Anafanya hivyo akiwa amegeuka anaosha vyombo, hata haangalii.

Nikasema mimi nimesikiliza. Ufuta huu haulii. Ni ufuta bubu.

Kumbe jirani mshonaji kaegemea ukuta wa uani, utepe shingoni kama kawaida, kapachika neno lake. Babu, haulii vipi? Mimi nimeusikia kule kwangu na cherehani inanguruma! Na mama kakuita epua, epua, mpaka sauti imemkauka. Wewe umesimama hapo kama nguzo ya umeme.

Nikamwambia arudi akashone.

Wanawake wawili wamecheka. Mmoja ukutani, mmoja dirishani. Nimewaona meno.

Ufuta nimewamwagia kuku. Na wenyewe wameukataa.


Ijumaa, 7 Machi

Leo haukuungua! Sababu nimeepua mapema, kabla ya kitu chochote. Akili hiyo. Nikatwanga, nikatwanga, mabega yakalia. Lakini rojo haikulainika. Kavu, inashika mchi kama matope ya mfinyanzi. Mke wangu kasema kwa sababu ni mbichi, mafuta hayajaamka. Kasema rudisha motoni.

Nirudishe motoni? Kitu nimeshakitwanga? Kinachotaka kulainika kinatiwa maji, hilo hata mtoto anajua. Nikatia maji, nusu kikombe.

Sijui nieleze vipi. Kitu kiligeuka mbele ya macho yangu. Badala ya kulainika kikakakamaa! Kikawa donge. Nikaongeza maji, donge likakasirika zaidi, mchi ukasimama wenyewe katikati ya kinu bila kushikwa. Nikauacha umesimama, nikaenda kuzunguka nyumba.

Niliporudi mke wangu kauliza kutoka dirishani, mzee, unajenga?

Kala vipande viwili vya papai leo. Kwisha. Mkono wake nikiushika vidole vyangu vinakutana na kupitana.


Jumamosi, 8 Machi

Nikasema ya nini kujitesa na kinu. Mimi mtu wa mashine. Nikaukaanga ufuta (ukashika moto kidogo upande, si sana), nikaufunga kwenye kitambaa, nikaenda mashineni.

Siku hizi pale yupo Kidevu. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi, alikuja hajui hata kufunga mkanda. Kaniamkia vizuri, shikamoo mzee, karibu mzee, kiti hiki hapa. Nikamwambia nina nafaka yangu ndogo, washa. Akachungulia kitambaani. Akasema mzee, ufuta? Ufuta una mafuta, utaziba wavu. Nikamwambia, Kidevu, mimi nilikuwa nasaga kabla hujaota hicho kidevu. Washa.

Akawasha.

Mwanzo ilikwenda. Nikaweka kiganja ubavuni mwa mashine kama zamani, maana mimi mashine naijua kwa kiganja, sijawahi kuhitaji kitu kingine. Mkanda ukilegea nilijua. Mawe yakiingia nilijua. Basi nikahisi inakohoa. Halafu inakabwa. Nikapiga kelele, zima! Ilishachelewa. Wavu wote umezibwa na rojo iliyoganda, moshi unatoka kwenye mkanda, na foleni ya akina mama na ndoo zao za mahindi imesimama mpaka barabarani inanitazama.

Tumefungua, tumekwangua mpaka jioni, mimi na Kidevu, magoti chini. Hakusema neno. Hilo ndilo lililoniudhi. Angesema tu! Mwisho kanifungia kijibonge kilichotoka, kimechanganyika na pumba za mahindi za watu, kasema mzee mpelekee mama, mwambie pole.

Mama mmoja kwenye foleni alikuwa anaongea na mwenzake akinitazama. Mdomo ulikwenda muda mrefu. Sijui alisema nini na sina haja.


Jumapili, 9 Machi

Ameanguka.

Nilikuwa uani natwanga. Alitaka maji. Kikombe kiliishiwa. Anasema aliniita. Anasema aligonga kikombe kwenye chuma cha kitanda, akagonga, akagonga. Halafu akasema basi nitajifikia mwenyewe, mtungi si uko pale mezani. Akateremsha mguu.

Mshonaji ndiye aliyemsikia. Kapita mbio mbele yangu, kaniingilia ndani ya nyumba yangu, mimi namuuliza we vipi, huna hodi? Ndipo nikamfuata.

Alikuwa chini. Amekaa, mgongo kitandani, khanga imelowa. Hakuwa analia. Kasema, nimekuita baba wee.

Nilikuwa natwanga. Mtu anayetwanga atasikia nini?

Muuguzi kaja. Chuma kiko mahali pake, kavimba tu. Bahati.

Sina la kuandika.


Jumatatu, 10 Machi

Binti yetu kaja, mshonaji kampigia simu. Huyo mshonaji mdomo wake hauna pindo.

Kaingia, kapita kwa mama yake kwanza, kamkagua kama muuguzi, kamwosha, kamsuka nywele. Halafu kanifuata uani. Kasema Baba tuongee. Nikasema ongea. Kaongea. Nikaendelea kuchagua ufuta. Kanizunguka akasimama mbele yangu, akanishika mkono wenye ufuta, akasema kwa kelele, watu wote wa mtaa wakamsikia: BABA, HUSIKII! Huo ndio ukweli! Umetoka kwenye ile mashine na masikio hayapo, na kila mtu anajua isipokuwa wewe!

Nikamwambia mimi nasikia kinachofaa kusikika.

Akasema mama akikuita saa ya dawa, unasikia? Akianguka tena, ukiwa umempa mgongo, itakuwaje? Akasema twende ukapimwe, kuna vifaa siku hizi, vidogo, havionekani. Nikasema sitii vidude masikioni kama mtangazaji wa mpira.

Basi akasema Jumamosi anakuja na gari la mumewe kumchukua mama. Akakae kwake. Kuna watu nyumbani kwake mchana kutwa, kuna choo cha ndani. Nikauliza mpaka lini? Akasema mpaka apone. Nikauliza na mimi? Akasema Baba, nyumba ni moja, karibu. Lakini nimeshaiona hiyo nyumba. Kuna kochi. Nitalala kwenye kochi kama mgeni aliyekosa basi. Siendi!

Nikamwambia humchukui. Mke wangu anatunzwa. Ikifika Jumamosi utamkuta anakula, ameketi, ana ufuta wake mkononi. Kacheka kwa uchungu. Kasema, ufuta, ufuta, ni ufuta utakaomwinua akianguka?

Mke wangu muda wote huo yuko dirishani, anasikia. Hakusema sitaki kwenda. Hakusema nataka. Alikuwa anachezea ncha ya shuka.

Miaka yote hii mtu hanyamazi, leo ndiyo anyamaze.


Jumanne, 11 Machi

Nimevumbua kitu.

Nimechukua mabaki ya vitambaa kwa mshonaji (kanipa, ila kwa maswali mengi), nikayasokota kamba ndefu. Ncha moja mkononi mwa mke wangu. Inapita dirishani. Ncha nyingine kwenye kifundo cha mguu wangu. Akitaka kitu anavuta. Mimi nahisi. Nani anahitaji masikio? Wahandisi hawajafikiria.

Mke wangu alikataa kwanza. Kasema utaonekana kama mbuzi. Nikamwambia mbuzi hapiki. Akajaribu. Akavuta. Nikaingia, nikasema abee bibie. Akatabasamu, upande mmoja wa mdomo.

Tatizo limekuja baadaye. Anavuta! Anavuta kwa kila kitu. Nimechagua ufuta, vuta. Nimeshika jembe, vuta. Mto umelala vibaya. Inzi kaingia. Anataka kujua nani kapita njiani. Mara nyingine nafika anasema hakuna kitu, nilikuwa naangalia kama inafanya kazi. Safari moja nilikuwa nimebeba sufuria ya maji, kavuta, nikapiga magoti chini kama naomba radhi. Mshonaji ukutani kashika mbavu.

Goti limevimba. Lakini nimefika kila alipoita. Binti asikie hilo.


Jumatano, 12 Machi

Ufuta umeungua.

Siandiki.


Alhamisi, 13 Machi

Ngoja niandike polepole, mkono unauma, si kwa uzee, kwa kutwanga.

Asubuhi nimeosha, nimeanika, nimekaa na kuku. Nikaweka kikaango motoni. Mke wangu dirishani. Nikajua tutarudi pale pale: yeye atapaza sauti, mimi nitatazama rangi, kuku watakataa. Nikakasirika. Nikasema leo sitaki hata kuuona ufuta huu, umenidharau vya kutosha. Nikachukua mfuniko wa bati wa sufuria kubwa, nikaufunika. Ukafunikika wote. Nikaushika mfuniko kwa kiganja, ufuta siukorogi, nautikisa pamoja na kikaango chake.

Nikahisi!

Chini ya kiganja. Kitu kinagonga. Kimoja. Kingine. Halafu vingi, vingi, vinapiga bati kutoka chini, vinanitekenya mkono mzima mpaka kwenye kiwiko. Mashine yangu! Mashine yangu kabisa, ikishika mwendo na nafaka ikiwa kavu vizuri. Nilisimama nimeduwaa. Nikatikisa, nikatikisa. Kiganja kinaungua, sikujali. Halafu vikapungua. Vikaachana. Kimoja hapa. Kimoja pale.

Nikaepua. Na wakati huo huo kamba mguuni ikavutwa. Nikageuka. Mke wangu alikuwa kavuta kuniambia epua! Tumepatana! Yeye kwa sikio na mimi kwa kiganja, sekunde ile ile. Kabaki kashika kamba, mdomo wazi. Nimeishi kuiona siku hiyo.

Nikafunua. Rangi ya mkate. Harufu – nyumba nzima, njia nzima. Mshonaji kaacha cherehani.

Kutwanga kulinichukua mchana wote. Kwanza unga. Halafu unga ukaanza kushikana. Nikataka kutia maji, nikakumbuka, nikajipiga mkono. Nikaendelea. Halafu, sijui ni lini hasa, ukaanza kung'aa pembeni mwa kinu. Mafuta! Yametoka yenyewe, bila kuitwa. Mchi ukaanza kwenda kimya kimya, nikahisi mikononi hauna mgongano tena. Chumvi kidogo. Nikachota, ukateremka kwenye mwiko taratibu, uzi mmoja usiokatika.

Nikapaka mkate. Sikumwambia kitu. Nikaweka sinia, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikajifanya natazama kucha zangu.

Kala kipande. Kala cha pili. Kalamba kidole. Kasema kuna mahali umeacha maganda. Halafu kaomba cha tatu.

Nimesimamia mashine maisha yangu yote na hakuna mtu aliyewahi kuniomba cha tatu.


Ijumaa, 14 Machi

Kala asubuhi. Kala mchana. Muuguzi kamkuta ameketi, mito mgongoni, mdomo unang'aa. Kaonja na yeye. Kauliza nani katengeneza. Nikakohoa tu. Mke wangu akasema, huyo, na akanionyesha kwa kidevu.

Kesho ni Jumamosi.

Nilitaka kumuuliza. Unataka kwenda kwa mtoto, au unataka kukaa? Ni maneno machache. Nimeingia chumbani nimeyabeba. Nikasema, mama watoto. Akasema, abee. Nikasema, chumvi imekolea? Akasema imekolea.

Nikatoka. Nikarudi. Nikamuuliza kama dirisha linaleta upepo. Akanitazama. Akasema mzee, kaa basi. Nikasema nina kazi.

Kazi gani? Ufuta umeshakwisha kutwangwa. Nilikwenda kufagia mahali palipofagiliwa.

Je, akisema anataka kwenda? Kwa binti kuna choo cha ndani. Kuna watu wa kuongea nao, wanaojibu. Mimi watu wakiniongelesha wanachoka. Nimewaona wakichoka. Uso wa mtu akichoka kukuongelesha naujua vizuri. Wa kwake sijauona bado. Au niliuona siku ile ya Jumapili, akiwa chini. Sijui.


Jumamosi, 15 Machi

Wamekuja mapema, wote wawili, binti na mkwe. Gari limesimama mlangoni, mlango wa nyuma wamefungua na kutandika godoro. Godoro kabisa! Wamejiandaa.

Binti kamkuta mama yake ameketi anakula. Kasimama. Nikasema si nilikuambia? Kaonja, kafumba macho. Kasema Baba, ni wa mama huu. Nikasema ni wa kwangu.

Halafu akaiona kamba mguuni. Akauliza hii nini. Nikamweleza uvumbuzi. Nilidhani atafurahi. Akaketi kwenye sanduku akashika kichwa. Kasema kwa kelele ile yake, Baba, umejifunga kamba ili tu usikubali kwamba husikii? Kamba umeweza, daktari umeshindwa? Nikasema kamba inafanya kazi. Muulize mama yako. Mkwe akasema mzee, na ukilala? Na ukienda sokoni? Mkwe si mtu mbaya, lakini nani kamuuliza?

Tukabishana. Mimi nikapandisha, yeye akapandisha. Mshonaji kaja mlangoni na uzi mdomoni, hana hata aibu. Mkwe akasema jamani, jamani. Mwisho binti akapiga magoti kando ya kitanda, akashika mikono ya mama yake. Hili nimelisikia vizuri kwa sababu bado alikuwa anapiga kelele: Mama, tumechoka kukuamulia. Sema mwenyewe. Unakuja kwangu au unabaki hapa?

Nilikuwa mlangoni. Mke wangu alikuwa amemgeukia binti, amenipa kisogo.

Akasema.

Nimeona bega likipanda na kushuka. Nimeona kichwa kikitikisika kidogo. Kakubali, au kakataa, kwa nyuma huwezi kujua. Hayakuwa maneno mengi. Kayasema kwa sauti yake ile ya siku hizi.

Binti akageuka. Akanitazama. Mkwe akanitazama. Mshonaji akatoa uzi mdomoni akanitazama. Wote wanangoja, kama mtu aliyeulizwa kitu.

Nikasema, sawa.

Ningesema nini?

Binti akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Kwa furaha? Kwa huzuni? Huyu tangu mtoto analia kwa yote mawili. Mkwe akanipiga piga begani akatoka kwenda garini. Binti kaanza kukunja mashuka. Mashuka yanakunjwa mtu akiondoka. Yanakunjwa pia yakienda kufuliwa. Nikatoka nikaja hapa uani, nimekaa juu ya kinu nimekipindua, naandika. Wanadhani nimekuja kutazama moto. Hakuna moto.

Mkwe anafanya kitu kule garini. Anatoa godoro au anasukuma ndani, kutoka hapa naona mgongo wake tu. Na yeye kanipa mgongo. Leo wote ni migongo.

Chupa ya ufuta iko miguuni pangu. Imejaa. Kama ni safari niikaze mfuniko, nitie kitambaa, isimwagike njiani. Kama si safari niache kijiko ndani. Nimeikaza. Nimeifungua. Nimeikaza tena.

Ningeweza kumuuliza mshonaji. Bado yuko pale mlangoni, anapangusa pua. Nimuulize yeye? Mtaa mzima ujue kwamba mke wangu kasema neno moja kubwa kuliko yote na mimi nilikuwa nimesimama pale pale nikaitikia sawa? Sijawahi kumwambia mtu arudie. Sijawahi. Wakati wa mashine watu walikuwa wananionyesha kwa vidole wanachotaka, tukaelewana. Na baada ya hapo nikawa naitikia tu, mambo yanakwenda.

Sasa mke wangu kageuka. Ananitazama kupitia dirishani. Mkono kauweka ukingoni mwa dirisha. Mdomo unacheza. Polepole, ananitamkia, kama mtu anayemlisha mtoto. Naona midomo inafunguka, inafungana. Sielewi. Hakasiriki. Anarudia. Anabaki kwenye neno lile lile, anangoja.

Naweka kalamu. Naenda dirishani. Nitamwambia: mama watoto, sikukusikia. Sema tena.